Jina la Ubapani, Chuma cha Ndani

Zamani mnunuzi wa kisu alikuta neno moja ubapani, "Stainless", na pengine jina la mji: Sheffield au Solingen. Siku hizi hukuta M390, D2, VG-10, 440C, 8Cr13MoV, X50CrMoV15, utadhani anasoma vibao vya namba za magari. Na herufi hizo ndizo zinazopanga bei. Visu viwili vyenye umbo moja, mpini mmoja na uzito uleule huweza kupishana bei mara kadhaa kwa sababu ya mchoro wa leza usiozidi urefu wa ukucha.

Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Mmoja anabandika sumaku na kutoa hukumu papo hapo. Fundi wa jirani anasema leteni grainda, cheche hazidanganyi. Kijana mwenye simu ana video ya bunduki ya eksirei inayosoma madini ya kisu kwa sekunde chache. Wa nne anawacheka wote: kisu kikikata kinakata, jina la nini? Kila mmoja ana hoja, ila kila mmoja anajibu swali lake, na mnunuzi anaondoka akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyokuja.

Madai matatu ndani ya jina moja

Anayechonga "M390" kwenye kisu anadai mambo matatu kwa mpigo. La kwanza ni mchanganyiko: kwamba mna kaboni kiasi cha asilimia 1.9, kromiamu asilimia 20, vanadiamu asilimia 4, na molibdenamu na tangsteni kidogo. La pili ni asili na njia ya kukipata: kwamba chuma kimetoka kwa Böhler wa Austria, na kwamba kiliponyunyizwa kikiwa kimeyeyuka kiligeuka unga, kisha unga huo ukashindiliwa kwa joto na mgandamizo mpaka ukawa bamba. La tatu halichongwi lakini limo: kwamba aliyetengeneza kisu alikipasha moto kwa kiwango kinachotakiwa na kukipoza inavyotakiwa. Bila hilo la tatu, vanadiamu yote hiyo ni chuma laini cha bei ghali.

Madai haya hayabebani. Mchanganyiko unaweza kuwa sahihi na moto ukawa mbovu. Moto unaweza kuwa hodari kwenye chuma cha bei nafuu, na kisu hicho kikamshinda mwenzake mwenye jina kubwa. Na mchanganyiko unaweza kulingana kwa kila asilimia huku chuma kikiwa kimeyeyushwa kwingine kabisa. Kwa hiyo anayeuliza "Je, chuma hiki ni kile kinachodaiwa?" anapaswa kwanza kujua ni dai lipi kati ya hayo linalomuuma.

Baadhi ya majina yenyewe husomeka. Katika mtindo wa China, 3Cr13 ni chuma chenye kaboni karibu asilimia 0.3 na kromiamu 13; 8Cr13MoV kina kaboni karibu 0.8, na humo kuna molibdenamu na vanadiamu kidogo. Mtindo wa Ulaya huhesabu kaboni kwa sehemu za mia: X50CrMoV15, chuma cha visu vingi vya jikoni vya Kijerumani, ni kaboni 0.5 na kromiamu karibu 15. Majina kama D2, M390 na VG-10 hayasemi lolote kwa asiyeyajua. Na kila jina ni uwanja, si nukta: D2 inaruhusiwa kuwa na kromiamu kuanzia asilimia 11 hadi 13 na bado ikaitwa D2.

Ugomvi wa kale

Hakuna jipya katika shaka hii. Katika karne ya 9 mwanafalsafa al-Kindi wa Baghdad aliandika risala kuhusu panga na aina zake, akazigawa kwa chuma zilichofuliwa na mahali kilikotoka, akaeleza michirizi na rangi ya ubapa kama dalili za kuzitambua. Kiswahili nacho kilijitengea neno feleji kwa chuma bora, na upanga wa feleji ukawa na heshima yake. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyeandika katikati ya karne ya 12, anaitaja Sofala kuwa chimbuko la chuma kilichopelekwa India, ambako mafundi walikigeuza pua ya kufulia silaha. Pwani yetu iliuza chuma ghafi na kupokea makali yaliyokwisha tengenezwa, mpangilio ambao haujabadilika sana.

Wafua visu wa Sheffield waliuchukulia udanganyifu kama adui wa riziki yao. Mwaka 1624 Bunge la Uingereza liliwapa chama chao, Cutlers' Company ya Hallamshire, mamlaka ya kusimamia kazi hiyo na alama za mafundi. Karne mbili na nusu baadaye visu vya Kijerumani vilivyochongwa jina la Sheffield vilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyozaa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1887, iliyolazimisha bidhaa za kigeni zenye majina ya Kiingereza zitaje nchi zilikotoka. Maneno "Made in Germany" yalianza kama onyo kwa mnunuzi; yaligeuka sifa baadaye. Tanzania ina Sheria yake ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa leo na Tume ya Ushindani, na wazo lake ni lilelile: ni kosa kuipa bidhaa maelezo ya uongo.

Kisa kingine cha Sheffield kinafaa kukumbukwa kabla ya kuendelea. Mwaka 1913 mtaalamu wa metali Harry Brearley aliyeyusha chuma chenye kromiamu asilimia 12.8 na kaboni 0.24, kikagoma kushika kutu. Jina "stainless" linahusishwa na Ernest Stuart, mtengeneza visu aliyekijaribu kwa siki na kuona hakiachi doa. Lakini visu vya mwanzo vilikuwa butu, na Brearley akataniwa kuwa ndiye mvumbuzi wa visu visivyokata. Chuma kilikuwa kilekile alichodai. Mafundi walikuwa wakikitia moto kwa mazoea ya chuma cha zamani, nacho kilitaka joto kubwa zaidi. Kipimo chochote cha mchanganyiko kingevipa visu hivyo cheti safi.

Kwa nini jina na chuma huachana

Ulaghai wa makusudi upo, na faida yake iko wazi. Bamba la chuma cha unga ni ghali. Bamba la 9Cr18MoV ni nafuu zaidi. Vikishasuguliwa na kung'arishwa, jicho haliwezi kuvitofautisha. Kinachobaki ni mchoro wa leza, na leza huchonga chochote.

Hata hivyo, kuona ulaghai kila mahali ni kosa. Karakana yenye mabamba ya aina tano yaliyofutika rangi ya alama hukosea bila mtu kukusudia. Mfanyabiashara wa kati hupenda kutafsiri: akiona 9Cr18MoV anaandika "440C", kwa kuwa vinakaribiana na wateja wanaijua 440C. Mwingine huandika "440" bila herufi, na hapo ndipo penye mtego, kwani 440A, 440B na 440C ni vyuma vitatu tofauti. Maneno "German steel" huweza kumaanisha mchanganyiko wa kanuni ya Kijerumani ulioyeyushwa Asia, na mwandishi wake akajiona hajadanganya. Sababu inayoleta malalamiko mengi pengine ni ile ya Brearley: chuma ni chenyewe, moto si wake. Mnunuzi anaona makali yanalala baada ya siku mbili, anasema ameuziwa bandia. Ameuziwa kibaya, jambo ambalo ni tofauti.

Sumaku, tupa na cheche: hoja ya fundi

Anza na sumaku ili tuiweke kando. Inaaminika mitaani kwamba stenlesi halisi haishikwi na sumaku. Hiyo ni kweli kwa stenlesi ya sufuria na sinki, ambayo haiwezi kukomazwa kwa moto na kwa sababu hiyo haifai makali. Stenlesi ya kisu hushikwa na sumaku, kuanzia ya bei ya chini kabisa hadi M390. Kisu kinachoikataa sumaku ndicho cha kutilia shaka.

Ndimu na siki husema zaidi. Chuma cha kaboni kitupu huingia weusi ndani ya dakika chache kikikata embe bichi au kikiachwa na maji ya ndimu. Stenlesi hubaki. D2 iko katikati, kwa kuwa sehemu kubwa ya kromiamu yake imefungwa ndani ya punje ngumu za kabidi na haibaki ya kutosha kukilinda chuma. Mwenye kisu cha D2 asiyeona doa hata moja baada ya miezi ya kukata ndimu ana haki ya kujiuliza.

Tupa mpya, yenye ugumu wa kama 62 hadi 65 kwa kipimo cha Rockwell, huteleza kwenye ubapa uliokomazwa vizuri na huuma uliokuwa laini. Cheche za grainda nazo zina lugha. Chuma laini cha kawaida hutoa mistari mirefu yenye matawi machache. Springi ya lori, yenye kaboni kiasi cha asilimia 0.6, hupasuka kama fataki. Stenlesi hutoa cheche fupi nyekundu-nyekundu. Chuma chenye tangsteni nyingi hutoa nyekundu iliyofifia.

Nguvu ya mbinu hizi iko kwenye swali la ndiyo au hapana. Fundi wa jua kali wa Kamukunji akikuambia panga lake ni la springi na si la bamba laini, grainda itamaliza ubishi kwa sekunde tatu, na sehemu itakayokwaruzwa kwenye msuka itafichwa na mpini. Hapo maabara ni anasa. Ila grainda hiyohiyo ikiulizwa kama kisu ni 440C au 9Cr18MoV inakuwa bubu, na anayedai kuzisoma cheche kwa usahihi huo anajisifu. Fundi hodari hulinganisha: huweka kipande anachokijua kando ya asichokijua. Asiye na kipande cha kulinganishia anakisia tu.

Visu vya "Dameski" ni mlango mmoja ambao fundi anaufunga vizuri kuliko wote. Mawimbi ya kweli hutokana na tabaka za vyuma viwili zilizounganishwa kwa moto. Ya uongo huchapwa kwa leza au asidi juu ya chuma kimoja. Tazama mgongo wa kisu: tabaka za kweli hupita mpaka huko. Ukibaki na shaka, sugua sehemu ndogo kwa msasa laini mpaka mawimbi yaishe, kisha pakaza kloridi ya feri, ile dawa ya mafundi wa saketi. Ya kweli hurudi. Lakini kurudi kwake kunathibitisha tabaka tu. Tabaka za vyuma viwili duni nazo huchora mawimbi mazuri.

Bunduki ya eksirei: hoja ya maabara

Wanaotaka uhakika huelekeza kwenye mashine, na mashine iliyobadilisha mjadala ni kifaa cha mkononi chenye umbo la bunduki. Ni ndugu wa vipimo vinavyotumika kwenye masoko ya madini, kama la Geita, kujua usafi wa dhahabu. Hupiga eksirei kwenye ubapa, kila elementi hurudisha mwanga wa nishati yake yenyewe, kompyuta huhesabu. Kisu hakikwaruzwi. Vanadiamu, molibdenamu, kobalti, tangsteni, kromiamu, vyote hujitokeza kwa asilimia.

Kwa visu ghali kifaa hiki kina meno. M390 ina vanadiamu asilimia 4. 9Cr18MoV ina kama 0.1. Aliyebadilisha moja kwa nyingine hana pa kujificha. VG-10 ya Takefu, Japani, ina kobalti kiasi cha asilimia 1.5, elementi ambayo vyuma vingi vya visu havina. Isipoonekana, dai limeanguka.

Upofu wake ni kaboni. Mwanga unaorudishwa na kaboni ni dhaifu mno, humezwa na hewa kabla ya kufika kwenye kipokezi. Na kaboni ndiyo roho ya makali. Tazama matokeo yake: 440A ina kaboni 0.60 hadi 0.75, 440C ina 0.95 hadi 1.20, na zote mbili zina kromiamu 16 hadi 18. Mbele ya bunduki ya eksirei ni pacha. Kifaa hiki basi kinaona vizuri pale penye bei kubwa na elementi adimu, na kinafifia kwenye visu vya bei ya chini na ya kati, ambavyo hutofautiana hasa kwa kaboni. Visu hivyo ndivyo vinavyojaza rafu za Kariakoo na Gikomba.

Kuna mitego mingine miwili inayosahaulika kwenye video. Eksirei hiyo haizami ndani. Husoma ngozi ya chuma. Kisu cha Kijapani chenye moyo wa VG-10 hufunikwa ubavuni na chuma laini zaidi, na anayekipima katikati ya ubapa husoma blanketi akadhani amesoma mwenye kulala. Kisu kilichopakwa rangi ngumu ya titaniamu kitasema "titaniamu". Kabla ya kumwita mtengenezaji mwongo, uliza kipimo kilielekezwa wapi.

Kaboni hupatikana kwa njia nyingine. Kipimo cha cheche za umeme ndani ya gesi ya agoni huisoma, kikiacha kovu dogo la moto. Kipimo cha kuunguza ndicho kinachoaminika zaidi: chembe zenye uzito wa kama gramu moja huchomwa ndani ya oksijeni na gesi itokayo ikapimwa. Darubini, baada ya ubapa kung'arishwa na kupakwa asidi, huonyesha ukubwa wa kabidi: za chuma cha unga ni ndogo na zimetawanyika sawasawa, za D2 ya kawaida ni kubwa kama mawe kwenye ugali. Hiyo ndiyo njia ya kuligusa lile dai la pili. Lakini njia hizi hutaka kipande, na kisu kilichokatwa kipande si kisu tena. Wala hazifiki mwisho wa swali la asili. M390 ya Böhler, CPM-20CV iliyokuwa ya Crucible na CTS-204P ya Carpenter zina mchanganyiko unaokaribia kuwa mmoja. Hakuna mashine itakayoapa ni tanuri lipi lililoziyeyusha.

Ugumu una mashine yake. Kipimo cha Rockwell C husukuma koni ya almasi yenye pembe ya nyuzi 120 kwa mzigo wa kilo 150 na kusoma kina cha shimo. Visu vya jikoni vya Kijerumani huwa kati ya 55 na 58. Vya VG-10 hukaa karibu na 60. Namba hii haitaji jina la chuma, kwa kuwa chuma cha kaboni kitupu na M390 vyote vinaweza kuwa 60. Faida yake iko katika upande mmoja wa hoja. Chuma chenye kaboni 0.3 hakiwezi kufikishwa 60 hata fundi afanyeje, kwa hiyo ubapa unaosoma 60 umeshajitoa kwenye kundi la 3Cr13. Ubapa unaosoma 52, kinyume chake, hauthibitishi chochote kuhusu mchanganyiko: huenda kaboni haitoshi, huenda moto ulikosewa. Ndiyo maana eksirei na Rockwell zikiwa pamoja hufanya kazi ambayo kila moja peke yake haiwezi. Moja huona karibu kila kitu isipokuwa kaboni. Nyingine huona tu kile ambacho kaboni na moto vimefanya.

Kata uone: hoja ya mtumiaji

Kambi hii ina mvuto wa aina yake. Mama lishe hanunui vanadiamu, ananunua kisu cha kukatia sukuma wiki na nyama ya mifupa. Makali yakidumu, dai limetimia; yasipodumu, cheti cha maabara hakimsaidii. Isitoshe, jaribio la kukata ndilo pekee linalojumuisha mchanganyiko na moto kwa pamoja.

Udhaifu wake ni kwamba linajumuisha mengi mno. Unene wa makali na pembe ya kunolea huathiri ukataji kuliko wengi wanavyodhani. Mtaalamu wa metali wa Marekani Larrin Thomas, mwandishi wa kitabu Knife Engineering cha mwaka 2020, ameonyesha kwa majaribio kwamba chuma kilekile kikinolewa kwa pembe nyembamba hudumisha ukataji kwa kiasi kikubwa zaidi. Kisu chembamba cha chuma duni kinaweza kukishinda kinene cha chuma bora, na mtazamaji akatoa hukumu isiyo sahihi. Ndiyo maana viwango vya kimataifa, ISO 8442-5, hutumia mashine inayokata karatasi ngumu zenye silika kwa mwendo na mzigo usiobadilika: mkono wa mtu umeondolewa.

Jambo lingine ni makali ya kiwandani. Mkanda wa kunolea uendao kasi huweza kuunguza ncha nyembamba ya makali na kuilegeza, hivyo wiki ya kwanza ya kisu kipya humsingizia mtengenezaji wa chuma kosa la mnoaji. Anayetaka kuhukumu kwa kukata akinoe kwanza mara mbili tatu kwenye jiwe, taratibu, kisha aanze kuhesabu.

Na hata akihesabu vizuri, amejua kisu ni kizuri au kibaya. Hajajua kama amelipia jina au amelipia chuma. Kwa aliyetoa fedha za M390, kuambiwa kwamba 9Cr18MoV yake inakata vizuri ni sawa na kuuziwa ng'ombe ukapewa mbuzi mnene.

Karatasi na muhuri: hoja ya sheria

Kinu cha chuma hutoa hati kwa kila myeyusho, yenye namba yake na asilimia zilizopimwa, kaboni ikiwemo. Kwa Ulaya aina inayotajwa sana ni hati ya 3.1 chini ya EN 10204. Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kujua kaboni bila kukata kisu. Tatizo ni kwamba hati inazungumzia bamba, na kati ya bamba na kisu pana karakana, wakala, kontena na duka. Hati halisi ikiambatanishwa na visu vya bamba jingine, karatasi inasema kweli na bidhaa inasema uongo.

Ulinzi wa jina la mahali nao una mpaka wake. Jina Solingen linalindwa na sheria ya Ujerumani: hatua za msingi za utengenezaji lazima zifanyike ndani ya eneo hilo. Ni ulinzi wa maana, ila unahusu mahali na kazi, haumtajii mnunuzi asilimia za kaboni. Kwetu, Tume ya Ushindani Tanzania na mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia iliyoundwa Kenya chini ya sheria ya mwaka 2008 huonekana zaidi kwenye uigaji wa nembo. Nembo iliyoigwa huonekana kwa macho na mwenyewe hulalamika. Chuma kilichobadilishwa hakionekani, na mwenye kulalamika ni mnunuzi mmoja mwenye kisu kimoja.

Nani abebe gharama

Zikiwekwa mizanini, kambi hizi nne zinashindania kitu kimoja, gharama ya kujua. Kwa kisu cha jikoni cha bei ya kawaida, kipimo cha maabara kinazidi thamani ya kisu; ndimu, tupa na mwezi wa kukata vinatosha, na jina la ubapani lisilipiwe hata shilingi ya ziada. Kwa panga la fundi wa nyumbani, cheche zinatosha. Kwa kisu ghali, eksirei iliyoelekezwa mahali sahihi pamoja na Rockwell hufikisha uhakika unaotosha kurudisha bidhaa dukani, ingawa bado hautaji tanuri. Vipimo vya moja kwa moja vya kaboni vina nafasi moja tu yenye mantiki: mtu mwenye visu vingi vya mkupuo mmoja.

Na mtu huyo si mnunuzi, ni mwagizaji. Kwake, kukata kisu kimoja katika shehena ya elfu moja ni hasara ndogo. Kwa mnunuzi ni kupoteza kisu chote. Kwa sasa mzigo uko kwa asiye na uwezo wa kuubeba. Tanzania na Kenya zimekuwa na utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa, kupitia mashirika yao ya viwango, TBS na KEBS. Dai la aina ya chuma likichongwa kwenye bidhaa, lichukuliwe kama dai jingine lolote linalopimika: mwagizaji aonyeshe hati ya myeyusho na kipimo cha kaboni cha kisu kimoja kutoka shehena hiyo, au aifute michoro.

Mpaka hapo, muulize muuzaji namba ya Rockwell kabla ya kumuuliza jina la chuma. Mtengenezaji aliyesimamia moto wake huijua, na wengi huiandika kwenye boksi. Asiyeijua hana sababu ya kukutoza bei ya M390.